Redio Iliungua, Uvumi Haukuungua

Tarehe 19 Februari 2015, Bob Rugurika, mkurugenzi wa Radio Publique Africaine (RPA), alitoka gereza la Muramvya, nchini Burundi, kwa dhamana. Maelfu ya watu walijaa kando ya barabara inayoteremka kutoka milimani hadi Bujumbura wakimshangilia. Ni nadra mwandishi wa habari kupokewa kama timu iliyorudi na kombe. Kwa nini alipokewa hivyo?

Septemba 2014, watawa watatu wa Kiitaliano waliuawa kwenye parokia yao ya Kamenge, kaskazini mwa jiji. Wawili waliuawa alasiri, wa tatu usiku wake, katika nyumba ile ile. Muda mfupi baadaye polisi walimtoa mtu mmoja hadharani wakisema ndiye muuaji. Wengi hawakuridhika. Januari 2015, RPA ilirusha sauti ya mtu aliyedai kuwa alishiriki mauaji hayo, naye akawataja wakubwa wa vyombo vya usalama. Rugurika alikamatwa tarehe 20 mwezi huo huo, akatuhumiwa kushiriki mauaji na kuvunja siri ya uchunguzi. Madai ya shahidi wake hayakuwa yamethibitishwa na mahakama yoyote, lakini umma uliona kwamba angalau kuna aliyeuliza swali walilokuwa wakiulizana wenyewe kwa wenyewe.

Imani hiyo ya umma kwa redio ilijengwa kwa miaka. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza mwaka 1993, Mhutu na Mtutsi kila mmoja alikuwa na habari za upande wake, na jirani yao Rwanda ilikuwa karibu kuonyesha redio inaweza kuua kwa kiasi gani. Studio Ijambo, iliyoanzishwa mwaka 1995, ilichukua njia nyingine: iliwaweka waandishi Wahutu na Watutsi wafanye kazi pamoja, ili alichokiona mmoja kipimwe na macho ya mwenzake kabla ya kwenda hewani. RPA ilipoanzishwa na Alexis Sinduhije mwaka 2001, iliwaajiri hata waliokuwa wapiganaji wa pande zote mbili. Mwaka uliofuata ikaja redio Isanganiro.

Katika uchaguzi wa 2005, vituo hivi viliunganisha waandishi wao na kutangaza kwa pamoja. Mtu aliyeshuhudia kura zikihesabiwa kwenye kituo chake aliweza kusikiliza redio jioni na kulinganisha. Siri ya imani ya umma iko hapo. Msikilizaji haiamini redio kwa kuwa imejiita huru. Huiamini kwa kuwa siku ile iliposema habari ya mtaani kwake, mambo yalikuwa hivyo hivyo. Basi hata mambo ya mkoa asiofika huyapokea.

Imani hiyo ina nyufa zake. Sinduhije baadaye aliingia siasa na kuunda chama cha upinzani, MSD, na waliokuwa wakiishuku RPA wakapata hoja. Rema FM nayo ilijulikana kuwa karibu na chama tawala, CNDD-FDD. Hata hivyo, maadamu zote zilikuwa hewani, mtu wa mtaa wa Buyenzi aliweza kusikiliza hii, akageukia ile, akachambua mwenyewe.

Uwezo huo ndio ulioangamia mwaka 2015. Aprili, Rais Pierre Nkurunziza alipoteuliwa kugombea muhula wa tatu, maandamano yalianza na RPA ikafungwa. Tarehe 13 Mei jaribio la mapinduzi lilipotangazwa, Rema FM ilishambuliwa. Mapinduzi yalipokuwa yakishindwa, zamu ikawa ya vituo vya RPA, Bonesha, Isanganiro na Renaissance. Mitambo ikaharibiwa kwa moto na risasi. Tarehe 15 Mei, Mahakama ya Afrika Mashariki iliyoko Arusha iliamua kwamba baadhi ya vifungu vya sheria ya habari ya Burundi ya 2013, kikiwemo cha kumlazimisha mwandishi kutaja chanzo chake, vilikwenda kinyume na Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Waandishi walishinda kesi siku ambazo redio zao hazikuweza hata kuitangaza hukumu.

Habari hazikukoma. Zilihamia kwenye WhatsApp, kwa sauti zilizorekodiwa na waliokimbilia uhamishoni. Lakini mtu aliye Kigali atapimaje mlio wa risasi uliosikika Cibitoke? Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mahali ambapo hakuna anayeruhusiwa kwenda kuangalia, methali hiyo hugeuka kuwa ushahidi, na kila uvumi hupata heshima ya habari.

Waliobaki nchini wakijaribu kwenda kuangalia walilipa gharama. Jean Bigirimana wa gazeti la Iwacu alitoweka Julai 2016 na hajaonekana tena. Oktoba 2019, waandishi wanne wa gazeti hilo hilo walikwenda Bubanza kufuatilia taarifa za mapigano. Walikamatwa kabla hawajaandika lolote, na ujumbe wa mzaha uliotumwa kwa WhatsApp ukafanywa ushahidi. Walihukumiwa kifungo cha miaka miwili na nusu, wakasamehewa Desemba 2020.

Tangu hapo milango imefunguliwa kidogo: mwaka 2021 Bonesha iliruhusiwa kurudi, na mwaka 2022 marufuku dhidi ya BBC ikaondolewa. Hizo ni hatua za kushukuru, lakini leseni hutolewa kwa barua moja. Imani haina barua. Itarudi pale mwandishi wa Bujumbura atakapoweza kwenda Bubanza asubuhi, akauliza, akaandika, na jioni akala chakula nyumbani kwake.