Gari la mtumba: fungua rejeta kabla ya kufungua pochi

Shemeji yangu wa Tezo aliniita nikamtazamie gari analotaka kununua. Pesa alizikusanya miaka minne kwa biashara ya samaki. Mimi si fundi, ila niliwahi kuunguza injini karibu na Matsangoni, mchana wa jua kali, na somo lile nililipia bei ya injini nyingine.

Gari langu halikuwa na mshale wa joto. Magari mengi madogo ya Kijapani hayana siku hizi. Yana taa tu, ya buluu injini ikiwa baridi na nyekundu ikichemka. Nyekundu ilipowaka niliendelea kidogo nikitafuta kivuli. Kidogo hicho kilitosha kupinda hedi.

Kwa hivyo nilimwambia shemeji twende asubuhi, injini ikiwa baridi. Muuzaji akikuletea gari lililokwisha pata moto, mwambie utarudi kesho, maana rejeta ya moto haifunguliwi; mvuke wake huchoma uso. Ukifungua, utazamie kulanti safi, ya kijani au nyekundu. Ukiona maji ya kutu, jua gari limelelewa kwa maji ya kisima. Ardhi yetu ni ya matumbawe, na visima vingi vina chumvi na chokaa. Tazama birika lako la chai lilivyoganda ukoko mweupe ndani, kisha fikiria vijia vya rejeta, vyembamba vile. Hata maji ya bomba kutoka Baricho hayazuii kutu.

Kifuniko chenyewe mara nyingi kimeandikwa 0.9 au 1.1. Hicho ni kipimo cha mgandamizo. Maji ya wazi huchemka kwa digrii 100, lakini yakibanwa hivyo hufika karibu 120 kabla hayajachemka. Mpira wa kifuniko ukikatika, faida hiyo imekwenda. Ni kitu cha bei ndogo, basi anza nacho.

Washa sasa, AC ikiwa imezimwa, usubiri. Feni yapasa kuanza yenyewe injini ikipata moto. Ikizunguka tangu injini ni baridi, huenda kuna mtu ameiunganisha waya moja kwa moja kuficha jambo. Gari likichemka kwenye foleni ya Mtwapa na kupoa ukishika mwendo, shuku feni. Likichemka ukikimbia au ukipandisha Kaloleni, shuku rejeta iliyoziba au pampu ya maji.

Uliza pia kama thamostati ipo. Mafundi wetu wengi huitoa, wakisema pwani ni joto, ya nini? Mimi siwakubali. Hufunguka kwenye digrii 82 hivi au zaidi kidogo. Bila hiyo injini huchelewa kupata moto wake na hunywa mafuta zaidi. Wakati mwingine huitoa ili rejeta mbovu isijulikane mapema.

Linaloogopwa zaidi ni gasketi ya hedi. Maji hupungua na chini hakuna tone. Mpira wa juu wa rejeta huwa mgumu kama jiwe mara tu baada ya kuwasha. Moshi huwa mweupe na hauishi hata injini ikiwa moto. Chini ya kifuniko cha oili huenda ukakuta utando wa rangi ya chai ya maziwa.

Gari la shemeji lilikuwa zuri kwa macho, limeoshwa mpaka injini, na hilo lenyewe lilinitia wasiwasi. Tuliliwasha rejeta ikiwa wazi. Mapovu yakaanza. Muuzaji akasema ni hewa tu, itatoka. Kweli hewa iliyobaki ndani hutoka, ila huisha. Haya yalizidi kila nilipokanyaga mafuta, mpaka maji yakamwagika nje. Akapunguza shilingi 40,000 papo hapo, bila kuombwa.

Shemeji alinitazama. Tukapanda bodaboda tukarudi. Jumamosi tunakwenda Gede kuona jingine, na mwenyewe tumemwomba asiliwashe kabla hatujafika.