Tume za Uchunguzi wa Mipango Miji (3): Nani Akae Mezani?

Katika sehemu mbili zilizopita tulieleza jinsi hadidu za rejea zinavyoandikwa na jinsi mashahidi wanavyoitwa. Leo tunafikia jambo ambalo habari nyingi hulipitia kwa aya moja, na ambalo kwa maoni yangu ndilo huamua hatima ya uchunguzi wote: uteuzi wa wajumbe. Tume ikitangazwa tunasoma majina, tunaona jaji mstaafu, profesa na mkuu wa mkoa wa zamani, kisha tunafungua ukurasa wa michezo. Orodha ile ingestahili kusomwa kama mkataba unavyosomwa kabla ya kutia saini.

Uchunguzi wa mipango miji una ugumu wake. Fedha za halmashauri zikiibwa, mkaguzi hukuta pengo kwenye vitabu. Lakini shamba linapogeuzwa eneo la biashara, au kiwanja cha wazi kinapogawiwa watu wajenge, makaratasi yote yanaweza kuwa sawasawa. Madiwani wamepiga kura, ofisa mipango miji amesaini, muhtasari wa kikao upo kwenye faili. Bei ya ardhi imepanda mara kadhaa kwa kura ya jioni moja, na rushwa, kama ilikuwepo, ilitolewa nje ya ukumbi. Mjumbe asiyejua kusoma ramani ya mpango kabambe, au asiyejua kwamba marekebisho madogo ya matumizi ya ardhi yanaweza kuzaa mamilioni, atamaliza miezi akiwauliza mashahidi maswali ambayo wao wenyewe wangependa kuulizwa.

Sijapata mfano unaofundisha zaidi ya ule wa Ireland. Tarehe 7 Oktoba 1997, siku ileile ambayo Ray Burke alijiuzulu uwaziri wa mambo ya nje, bunge la Dublin lilipitisha azimio la kuchunguza malipo yaliyohusishwa na mipango ya ardhi katika kaunti ya Dublin. Mwezi uliofuata tume ikaundwa ikiwa na mjumbe mmoja tu, Jaji Feargus Flood wa Mahakama Kuu. Wakati ule ilionekana busara: jambo lenyewe lilihusu ekari 726 kaskazini mwa Dublin, na jaji mmoja mwenye uzoefu angemaliza haraka kuliko jopo.

Halikuisha haraka. Kila shahidi alifungua mlango wa chumba kingine. Aprili 2000 alipanda kizimbani Frank Dunlop, mtu wa mahusiano ya umma aliyewahi kuwa msemaji wa serikali, aliyekuwa akiwashawishi madiwani kwa niaba ya wenye ardhi. Mwanzoni alikwepakwepa. Jaji Flood akamshauri aende nyumbani akatafakari usiku ule. Kesho yake Dunlop alirudi akaanza kuandika majina ya madiwani aliowapa fedha ili wapige kura ya kubadili matumizi ya ardhi. Tangu siku hiyo kila mtu alijua kwamba kazi ile ingechukua miaka mingi, na mzigo wake wote ulikuwa juu ya mabega ya mzee mmoja.

Hapo ndipo likaja swali ambalo azimio la 1997 halikulijibu: jaji huyo akiugua, akistaafu au akifariki, ushahidi alioupokea unakuwa mali ya nani? Aliyewaona mashahidi wakitokwa na jasho ni yeye peke yake. Mrithi wake angesoma nakala za maandishi tu, na katika kesi ambapo neno la mtu mmoja linapingana na la mwingine, kusoma si sawa na kuona. Flood mwenyewe aliomba aongezewe watu. Mwaka 2002 bunge likarekebisha sheria ya tume za uchunguzi, ambayo ni ya 1921, enzi za Uingereza, ili tume iliyokwisha kuanza iweze kuongezewa wajumbe, na iweze pia kuwa na mjumbe wa akiba. Huyu wa akiba hukaa ndani ya kikao tangu anapoteuliwa, husikiliza kila shahidi na kusoma kila hati, lakini haamui lolote mpaka mjumbe kamili aondoke. Walioteuliwa walikuwa Alan Mahon na Mary Faherty, pamoja na Gerald Keys kama mjumbe wa akiba.

Flood aliondoka Juni 2003. Mahon akachukua uenyekiti, Keys akawa mjumbe kamili, na tume ikaendelea bila kuanza upya. Kwangu mimi kifungu kile cha mjumbe wa akiba ndicho chenye thamani kubwa kuliko vyote katika sheria ile, nami nashangaa kwamba hakizungumzwi kwetu hata pale wajumbe wanapokuwa watu wa umri wa kustaafu.

Hata hivyo dawa ilichelewa, na sehemu ya kwanza ya kazi, ile ya mjumbe mmoja, ilibaki na majeraha. Nani angeamua kuhusu gharama za mawakili wa mashahidi ambao Mahon hakuwahi kuwasikiliza? Ilibidi sheria irekebishwe tena mwaka 2004. Mwaka 2010 mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo ilibatilisha uamuzi wa kuwanyima baadhi ya wahusika gharama zao, ikisema tume ilivuka mamlaka yake. Baadaye tume yenyewe ikaondoa baadhi ya shutuma ilizokuwa imeziandika. Ripoti ya mwisho ilitoka Machi 2012, miaka karibu 15 baada ya azimio. Ilikuwa ripoti nzito, ikaeleza rushwa iliyoota mizizi katika siasa za mipango miji, na raia wa Ireland walistahili kuipata. Walistahili pia kuipata ikiwa haina nyufa.

Sisi tunalo tatizo lililo karibu zaidi na chanzo: nani anateua. Ireland ilianza na azimio la bunge. Tanzania na Kenya zilirithi sheria zinazompa Rais mamlaka ya kuunda tume ya uchunguzi na kutaja wajumbe. Kamati inayoundwa na waziri au mkuu wa mkoa baada ya ghorofa kuanguka au viwanja kugombaniwa ni jambo jingine kabisa, kwa sababu haina nguvu za sheria hiyo za kumwita mtu ashuhudie chini ya kiapo. Wananchi wengi hawaelezwi tofauti hii, na matumaini yao hupanda na kushuka bure.

Mamlaka ya Rais peke yake hayaharibu tume. Januari 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi alimteua Profesa Issa Shivji kuongoza tume ya masuala ya ardhi, na ripoti iliyokabidhiwa mwaka 1992 ilipendekeza ardhi iondolewe mikononi mwa Serikali Kuu, yaani ilipendekeza kumpunguzia madaraka aliyeiteua. Serikali haikukubali pendekezo hilo, lakini hoja zake zingali hai mpaka leo, kwa kuwa mwenyekiti hakuwa mtu wa kutazama uso wa mkubwa kabla ya kuandika.

Kinyume chake kilionekana Kenya. Mwaka 2009 Balozi Bethuel Kiplagat aliteuliwa kuongoza Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, ambayo dhuluma za ardhi zilikuwa sehemu ya kazi yake. Waliompinga walisema jina lake limo katika ripoti ya Tume ya Ndung'u ya 2004 kuhusu ugawaji haramu wa ardhi ya umma, na kwamba angepaswa kuitwa shahidi. Alikana kosa lolote, na inawezekana kabisa alikuwa na haki. Lakini makamu wake, Betty Murungi, alijiuzulu 2010, mwenyekiti mwenyewe akakaa kando mwishoni mwa mwaka huo, akarudi 2012, na kwa muda wote huo waathirika walikuwa wakisikiliza mabishano kuhusu tume badala ya kusikilizwa nayo. Mwananchi akishaona kwamba kesi ya nyani hakimu ni ngedere, haleti ushahidi wake tena.

Kwa hiyo, kabla wajumbe hawajala kiapo, kila mmoja atangaze hadharani viwanja anavyomiliki katika eneo linalochunguzwa, yeye, mwenzi wake na kampuni zake. Wawe watatu au watano, mmoja wao awe mtaalamu wa mipango miji ambaye hajawahi kuajiriwa na halmashauri husika, na mwingine akae kama mjumbe wa akiba tangu kikao cha kwanza. Orodha itangazwe siku kadhaa kabla ya kiapo ili mwenye pingamizi alilete mapema, wakati mjumbe bado anaweza kubadilishwa bila kupoteza hata shahidi mmoja.

Wiki ijayo: mawakili wa mashahidi, na nani alipe gharama zao.