Mwiba Kwanza, Kiraka Baadaye

Barabara kuu ya Isiolo kwenda Moyale ina lami, lakini kazi ya pikipiki za Chechelesi, pembezoni mwa mji wa Isiolo, haiishii kwenye lami. Abiria na mizigo hupelekwa hadi manyattani, kwa njia za mifugo, na huko ndiko pancha zilikojaa. Mgunga wa huku, ambao wataalamu wa mimea huuita Vachellia tortilis, una miiba ya aina mbili: mirefu myeupe iliyonyooka, na mifupi iliyopinda. Wafugaji hukata matawi yake kuzungushia maboma, wakiyaburuta njiani, na miiba inayovunjika hubaki mchangani. Kwa sababu hiyo nashikilia kwamba aliyepata pancha mbali na kwao asianze na tundu. Aanze na kilichotoboa.

Mwiba mrefu ukishapenya tairi, sehemu ya nje husagwa na barabara, ncha ikabaki imezama ndani ya mpira. Ukitazama kwa nje huoni kitu. Dereva anaziba tyubu, anajaza upepo, anaondoka, na kilomita chache mbele ncha ileile inatoboa tena. Ndiyo maana kabla ya kutoa tyubu inafaa kutia alama kwenye tairi pale valvu ilipo, na kukumbuka upande wa tyubu ulioelekea mnyororo. Kisha tyubu ijazwe upepo na, kama maji ni ya kunywa tu, ipitishwe polepole karibu na mdomo au shavu. Pumzi inayotoka tunduni ngozi itaihisi. Pima umbali kutoka valvu hadi tundu, uhamishie umbali huohuo kwenye tairi, na utakuwa umefika jirani na mwiba. Usipapase kwa vidole vitupu. Pitisha kitambaa cha pamba ndani ya tairi, nacho kitanaswa na ncha ambayo jicho halikuiona. Lakini ukikuta matundu mawili sambamba, kama alama ya meno ya nyoka, hapo hakuna mwiba: tyubu ilibanwa na rimu kwa upepo mdogo au mzigo mzito, na kiraka bila kupunguza mzigo ni kazi bure.

Wapo watakaosema hayo ni ya fundi, dereva aende na pikipiki hivyohivyo polepole hadi mjini. Kushuka na kuisukuma hadi kivulini hakuna ubaya. Kuiendesha ikiwa bapa ni hasara, kwa kuwa tairi lisilo na upepo huteleza juu ya rimu, likaivuta tyubu na kuing'oa valvu. Tundu la mwiba huzibwa kwa kiraka kidogo. Tyubu iliyochanika shinani mwa valvu hutupwa. Wengine huitegemea dawa ya maji inayotiwa kupitia valvu. Inasaidia kwa tundu dogo, ila mwiba unabaki mlemle, na siku ya kubandika kiraka gundi haitashika hadi tyubu isafishwe vizuri.

Pingamizi lenye uzito ni la muda na usalama. Jua linazama, abiria ana mtoto, na gundi inataka kuachwa ikauke hadi isinate kidoleni kabla kiraka hakijagandamizwa. Nakubali kabisa kwamba hapo si mahali pa kukaa na msasa. Jibu ni tyubu ya akiba chini ya kiti, pamoja na pampu, spana ya ekseli na vyuma viwili vya kutolea tairi. Pikipiki yenye rimu za inchi sawa mbele na nyuma, tyubu moja huweza kuokoa gurudumu lolote. Kiraka kitasubiri nyumbani. Kitambaa hakisubiri, kwa sababu tyubu mpya iliyotiwa ndani ya tairi lenye mwiba itatobolewa kabla ya kufika lami.