Upandikizaji wa Uloto: Tiba Iliyosogea Karibu na Mambo Yanayoipasa Familia Kuyajua

Kutoka Soko Kuu la Kariakoo hadi Hospitali ya Taifa Muhimbili, Upanga, ni mwendo ambao mtu mwenye afya huumaliza kwa miguu. Hata hivyo, kwa miaka mingi mgonjwa wa damu aliyehitaji kupandikizwa uloto alifika hapo, akapewa rufaa, kisha akalazimika kusafiri hadi nchi za nje, hususan India. Hali hiyo imeanza kubadilika. Mwaka 2021 Muhimbili ilifanya upandikizaji wa kwanza wa uloto nchini kwa wagonjwa wa mailoma, saratani ya damu inayoanzia ndani ya uloto wenyewe. Mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kuwapandikiza uloto watoto wenye ugonjwa wa seli mundu.

Habari hizo zimeleta matumaini katika nyumba nyingi za Kariakoo, Gerezani, Jangwani, Mchikichini na Upanga. Pamoja na matumaini umekuja mkanganyiko. Wapo wanaodhani kwamba kila mgonjwa anaweza kupandikizwa, na wapo wanaouziwa unga na vidonge kwa jina la "seli shina" wakiamini kwamba ndiyo tiba hiyo hiyo. Makala haya yanaeleza tiba yenyewe ni nini, inamfaa nani, na ni maandalizi gani yanayoanzia nyumbani na katika kituo cha afya cha kata.

Uloto na mbegu ya damu

Uloto ni ute laini uliomo ndani ya mifupa. Kwa mtu mzima, sehemu kubwa ya uloto unaotengeneza damu imo katika nyonga, uti wa mgongo, mbavu na kidari. Humo ndimo zinamozaliwa chembe nyekundu zinazobeba hewa ya oksijeni, chembe nyeupe zinazopigana na maradhi, na chembe sahani zinazogandisha damu mtu anapojikata. Mwili hutengeneza takribani chembe nyekundu bilioni 200 kila siku, kwa kuwa kila moja huishi siku 120 tu.

Kazi hiyo yote hutokana na seli chache ziitwazo seli shina za damu. Seli shina inapogawanyika, sehemu ya kizazi chake hukua na kuwa chembe za damu za aina mbalimbali, na sehemu nyingine hubaki seli shina. Ni kama mkulima anayekula mavuno lakini haigusi mbegu ya msimu ujao. Watafiti James Till na Ernest McCulloch walionesha jambo hilo kwa vipimo vya maabara mjini Toronto, Kanada, mwaka 1961. Kabla ya hapo, mwaka 1956, daktari E. Donnall Thomas wa Marekani alikuwa amempandikizia mgonjwa wa saratani ya damu uloto wa pacha wake wa kufanana. Kazi yake ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1990.

Chembe zilizopinda

Katika ugonjwa wa seli mundu, kosa la kurithi hubadilisha himoglobini iliyomo ndani ya chembe nyekundu. Chembe inayopaswa kuwa ya mviringo na laini huwa ngumu na kupinda mithili ya mundu wa kuvunia mpunga. Badala ya siku 120, huishi takribani siku 10 hadi 20. Hunasa katika mishipa midogo, huleta maumivu makali, upungufu wa damu na maambukizi ya mara kwa mara, na kwa baadhi ya watoto husababisha kiharusi.

Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye wagonjwa wengi zaidi duniani. Inakadiriwa kwamba watoto wapatao 11,000 huzaliwa na ugonjwa huu nchini kila mwaka. Katika mradi wa majaribio uliofanyika Muhimbili na Temeke, ambapo watoto wachanga wapatao 4,000 walipimwa, takribani 8 katika kila 1,000 walikutwa na ugonjwa, na mtoto 1 katika kila 8 alikuwa na chembechembe za kurithi pasipo kuumwa. Mtu wa kundi hili la pili huishi akiwa mzima, na mara nyingi hajui hali yake mpaka anapopata mtoto na mtu mwenye hali kama yake. Wazazi wa namna hiyo, katika kila ujauzito, wana uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kupata mtoto mgonjwa.

Njia mbili za kupandikiza

Katika njia ya kwanza mgonjwa hupewa seli shina zake mwenyewe. Ndiyo iliyotumika Muhimbili kwa wagonjwa wa mailoma. Mgonjwa hudungwa dawa inayozitoa seli shina kutoka katika uloto na kuziingiza katika mzunguko wa damu, kisha mashine huzichuja na kuzikusanya. Baadaye hupewa dawa kali ya saratani, ambayo huua seli za ugonjwa lakini pia huuacha uloto ukiwa mtupu. Hapo ndipo seli zake hurudishwa kupitia mshipa, kama mtu anayeongezewa damu. Hakuna upasuaji. Seli hizo hujua njia yake: hufuata mkondo wa damu, huingia katika mifupa na kuanza kazi upya. Mailoma kwa kawaida haiishi kabisa kwa tiba hii, lakini mgonjwa wengi wao hupata miaka ya nafuu ambayo dawa peke yake isingeweza kuwapa.

Njia hiyo haiwezi kumponya mgonjwa wa seli mundu, kwa sababu seli zake mwenyewe zimebeba kosa la kurithi. Yeye huhitaji njia ya pili: seli shina za mtu mwingine. Mwaka 1984 madaktari wa Memphis, Marekani, walieleza habari za msichana mwenye seli mundu aliyepandikizwa uloto kwa ajili ya saratani ya damu, akapona maradhi yote mawili. Tangu hapo imethibitika kwamba seli mundu inaweza kupona. Ripoti ya kimataifa ya mwaka 2017 kuhusu wagonjwa 1,000 waliopewa seli za ndugu anayelingana nao ilionesha kwamba zaidi ya 9 katika kila 10 walikuwa hai baada ya miaka 5, na matokeo yalikuwa bora zaidi kwa waliopandikizwa wakiwa wadogo.

Askari wa mwili na utambulisho wao

Kinachofanya njia ya pili kuwa ngumu ni kinga ya mwili. Miongoni mwa chembe nyeupe kuna seli T, ambazo kazi yake ni kukagua kila seli zinayokutana nayo na kutambua kama ni ya mwenyeji au ya mgeni. Utambuzi huo hutegemea alama za tishu zilizo juu ya seli, ambazo mtoto hurithi nusu kwa baba na nusu kwa mama. Mfaransa Jean Dausset alikuwa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Nobel mwaka 1980 kwa kuzifafanua.

Alama zisipolingana, hatari huja kwa pande mbili. Askari wa mgonjwa wanaweza kuziua seli zilizopandikizwa. Vilevile, askari waliokuja pamoja na uloto mpya wanaweza kuushambulia mwili uliowapokea: ngozi, ini na matumbo. Kwa hiyo mgonjwa hupewa dawa za kutuliza kinga kwa miezi mingi. Kwa wagonjwa wa saratani, askari hao wageni wana faida pia, maana huwinda masalia ya seli za saratani. Kwa mgonjwa wa seli mundu hakuna saratani ya kuwindwa, na ndiyo maana madaktari hutafuta mlingano kamili.

Baada ya kupandikizwa, mgonjwa hukaa wiki kadhaa katika chumba cha pekee akisubiri uloto mpya uanze kuzaa. Katika kipindi hicho homa ndogo inaweza kuhatarisha maisha yake. Kinga yake huanza upya kama ya mtoto mchanga, na chanjo alizopata utotoni hurudiwa. Dawa za maandalizi zinaweza pia kuathiri uwezo wa kupata watoto baadaye. Mambo haya yote familia hupaswa kuelezwa kabla ya kukubali.

Hesabu ya ndugu

Mfadhili bora wa uloto ni ndugu wa baba mmoja na mama mmoja. Kila ndugu wa namna hiyo ana uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kulingana kikamilifu na mgonjwa. Lakini ndugu huyo naye lazima asiwe mgonjwa wa seli mundu, na uwezekano wa hilo ni 3 kati ya 4. Ukiunganisha masharti hayo mawili, wanaofaa ni wastani wa ndugu 3 katika kila 16. Ndugu mwenye chembechembe za kurithi pasipo kuumwa anaruhusiwa kutoa. Utafiti unaendelea duniani kuwatumia wazazi na ndugu wanaolingana nusu tu, na mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya kurekebisha seli shina za mgonjwa mwenyewe maabara, ambayo bei yake Marekani inazidi dola milioni 2 kwa mgonjwa mmoja.

Gharama ya kupandikizwa nchini nayo, ingawa ni ndogo kuliko ya nje, bado ni makumi ya mamilioni ya shilingi. Kwa hiyo upandikizaji, kwa sasa, ni tiba ya wachache. Kwa mgonjwa asiyepata mfadhili, maisha marefu yanategemea huduma ya kila siku: kugunduliwa mapema, dawa ya kuzuia maambukizi kwa watoto wadogo, chanjo, kinga ya malaria, na dawa ya haidroksiyurea inayopunguza maumivu na haja ya kuongezewa damu.

Kisichoweza kunywewa

Seli shina za damu haziingii mwilini kwa njia ya tumbo. Seli shina ikimezwa, humeng'enywa kama nyama au mboga. Unga, kidonge au kinywaji kilichotengenezwa kwa tunda au mmea hakiwezi kuwa uloto, hata kama jina la seli shina limeandikwa kwenye boksi. Hasara yake si fedha pekee. Mzazi anayeacha dawa za kliniki ili kununua bidhaa hizo humweka mtoto katika hatari ya maambukizi na kiharusi ambavyo vingeweza kuzuilika.

Mambo yanayoanzia kwenye kata

Kwanza ni kupima. Vijana wanaotarajia kuoana, wajawazito, na familia iliyokwisha kuwa na mgonjwa wanapaswa kuomba ushauri wa kipimo cha seli mundu katika kituo cha afya. Mtoto mwenye vidole au miguu iliyovimba na kuuma, macho ya manjano, au upungufu wa damu unaojirudia apelekwe bila kusubiri.

Pili ni kutunza kumbukumbu za kliniki, maana mtoto anayefikiriwa kupandikizwa huangaliwa historia yake yote ya matibabu.

Tatu ni kuchangia damu. Katika wiki ambazo uloto mtupu hauzalishi chochote, mgonjwa huishi kwa chembe nyekundu na chembe sahani za watu wengine, na chembe sahani hudumu takribani siku 5 tu tangu kutolewa. Hakuna kitengo cha upandikizaji kinachoweza kufanya kazi bila benki ya damu yenye akiba. Kituo cha Damu Salama cha Kanda ya Mashariki kipo Mchikichini, jirani na Kariakoo. Mtu mwenye afya njema, umri wa miaka 18 hadi 65 na uzito usiopungua kilo 50 anaweza kuchangia: mwanamume kila baada ya miezi 3, mwanamke kila baada ya miezi 4.

Lipo jambo moja la kuzingatia. Mgonjwa anayetarajiwa kupandikizwa haifai kuongezewa damu ya ndugu yake wa karibu, kwa kuwa kinga yake inaweza kujifunza kuzikataa seli za ndugu huyo kabla ya siku ya kuzihitaji. Familia iwaeleze wahudumu mapema. Kwa mgonjwa wa namna hiyo, damu inayofaa ni ya mtu asiye wa ukoo wake: mpita njia wa Msimbazi, mchuuzi wa Mtaa wa Kongo, au jirani aliyeamua kupita Mchikichini kabla ya kufungua duka.