Mombasa kwa Miguu na kwa Baisikeli

Yapata saa kumi na nusu za usiku, kabla ya adhana ya alfajiri, barabara ya kutoka Mtongwe kwenda Likoni huwa imekwisha jaa watu. Nyuso hazionekani, ila husikika kandambili na viatu vikikanyaga kokoto, na mara moja moja hupita mwanga mdogo wa taa ya baisikeli, na kengele ikilia ili waliotangulia wapishe. Hao ni vibarua, mayaya, wapishi wa hoteli, walinzi wa zamu, wachuuzi wa samaki na makarani, nao wote wana shauri moja, yaani kuvuka maji mapema na kuingia kisiwani kabla jua halijapanda.

Mgeni akiiona Mombasa kwa mara ya kwanza, husifu meli, minazi na ngome ya Fort Jesus, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Ni nadra asifu miguu ya wenyeji. Lakini mji huu tangu asili ni mji wa watu watembeao. Kisiwa chenyewe si kikubwa, na mtu mwenye afya hutoka Makupa akafika Ngomeni kwa muda usiozidi saa moja, akiwa hakusimama njiani kuwaamkia jamaa zake. (Asiyesimama kuwaamkia jamaa zake, Mombasa, huonekana ana maradhi au ana deni.) Taabu yenyewe haimo kisiwani, imo katika kuingia na kutoka, kwa maana kisiwa kimezungukwa na maji na milango yake ni michache. Kaskazini liko daraja la Nyali, bara liko Makupa, na kusini kiko kivuko cha Likoni.

Kivuko kilianza kazi mwaka 1937, na siku hizi, kwa hesabu za wenyewe, huvusha zaidi ya watu 300,000 kwa siku pamoja na maelfu ya motokaa. Motokaa hulipa, mwenda kwa miguu hatozwi kitu. Njia mpya ya Dongo Kundu imewafaa wenye motokaa, nao sasa waweza kwenda Kwale bila kupanda pantoni, bali mtu wa miguu haimpunguzii hata hatua moja. Yeye ni lazima ateremke gatini, asimame chini ya kibanda pamoja na wenzake elfu kadhaa, na angoje.

Kungoja huko kuna mambo yake. Maji yakiwa ya bamvua na yamekupwa, mteremko wa gati huwa mrefu na wenye utelezi kwa ukoga, na mwenye baisikeli hulazimika kuishika kwa breki zote mbili asije akawaangukia walio mbele. Maji yakijaa, mteremko hufupika lakini watu hubanana. Tena mlango huo wa Likoni ndio njia ya pekee ya meli kubwa kuingia bandari ya Kilindini. Meli ikitokea baharini, pantoni husimama kuipisha, na watu hutazama saa zao. Wengine huhesabu makontena yaliyopangwa juu ya sitaha, wakijua kwamba makontena hayo ni kazi ya kesho, na kwamba kwa sababu yake wanaichelewa kazi ya leo.

Kuchelewa si jambo dogo. Tangu siku za makuli wa zamani, bandari ya Mombasa imekuwa ikiajiri watu kwa siku. Zamani kila mtu alikwenda langoni asubuhi, akachaguliwa au akaachwa. Mwaka 1954 wenye kazi walianza kuwaandika makuli katika daftari ili wajulikane na wapate kazi ya kudumu zaidi. Hata hivyo desturi ya kibarua haikufa. Katika maghala ya Shimanzi, hadi leo, kuna watu wanaosimama nje ya mlango wakingoja kuitwa, na aitaye hamngoji mtu aliye majini. Aliyekosa saa moja ya asubuhi huenda amekosa chakula cha jioni.

Kwa sababu hiyo haraka ya asubuhi ina nguvu za kuwasukuma watu mpaka mahali pa hatari. Wakazi wa Mtongwe hawahitaji kukumbushwa. Tarehe 29 Aprili, 1994, asubuhi, pantoni iliyotoka upande wao ilipinduka karibu na nchi kavu, na watu 272 wakafa. Wengi wao walikuwa wakienda kazini. Wako wazee pale ambao tangu siku hiyo hawajakanyaga chombo kilichojaa. Hungoja kipite, kisha hungoja cha pili, hata kama vijana wanawacheka. Mwezi wa Januari, 2021, wakati wa maradhi ya Korona, lilifunguliwa daraja la kuelea kwa watembeao kwa miguu, kutoka Liwatoni hadi Ras Bofu, ili watu wasisongamane. Wako waliolifurahia kwa kuwa liliwapa hewa na nafasi. Wako pia walionung'unika kwamba liliwazungusha mbali na kazi zao, na kwamba sehemu yake ya katikati ilipofunguliwa kupisha meli walikuwa wangojaji vile vile.

Baisikeli huingia hapo kama msaada wa mtu wa kipato kidogo. Anayetoka Mtongwe na kwenda Shimanzi kila siku, akipanda matatu ng'ambo na nyingine kisiwani, kwenda na kurudi, hujikuta mwisho wa juma ametumia kwa nauli fedha ambazo zingenunua unga. Mwenye baisikeli hulipa kwa jasho. Aina ipendwayo ni ile nyeusi, nzito, yenye mtalimbo wa juu na keria ya chuma, ambayo Wakenya huiita Black Mamba. Si nyepesi kupanda mlima, lakini hubeba gunia, hubeba kreti za mkate, hubeba mke na mtoto, na kila fundi anaijua.

Na fundi ni mtu muhimu katika mji wa pwani kuliko mjini Nakuru au Nyeri, kwa kuwa adui wa baisikeli hapa ni hewa yenyewe. Chumvi ya bahari haitoi ruhusa. Mnyororo usiopakwa mafuta kwa juma moja huanza kulia. Spoki huota kutu penye kofia zake, zikakatika moja moja bila mwenyewe kujua, mpaka rimu ikapinda. Wakati wa kusi, upepo ukitoka baharini na mvua, mwenye akili huifuta baisikeli yake kwa kitambaa chenye mafuta kila jioni kabla ya kula. Asiye na akili humpelekea fundi fedha.

Fundi mmoja mzee amekaa miaka mingi chini ya mwarobaini, kisiwani, mahali watu wanapopanda kutoka kivukoni. Vyombo vyake ni karai la maji la kutafutia pancha, pampu, spana tatu, tupa, gundi, na furushi la mipira mikuukuu anayoikatakata kuwa viraka. Asubuhi moja alifika kijana akiikokota baisikeli yake, gurudumu la nyuma likiwa limelala chini.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Imekuachia wapi leo?"

"Hapo mteremkoni tu. Tafadhali, Mzee, nina haraka. Saa moja wanaita watu ghalani."

"Haraka unayo wewe," akasema fundi, akiinama kutoa tairi. "Mpira hauna."

Akautia mpira wa ndani katika karai, mapovu yakatoka mahali pawili. Kisha akageuza tairi, akamwonyesha kijana nyuzi zilizokuwa zimetokeza kama nyuzi za shati lililochakaa kiwikoni. Alisema wazi kwamba viraka angeweza kutia, lakini tairi lile lilikuwa limekwisha, na kwamba likipasuka mbele ya lori, kiraka hakitamsaidia mtu. Kijana alinyamaza. Fedha ya tairi alikuwa nayo mfukoni, ila ilikuwa imekwisha tengwa kwa ajili ya viatu na daftari za binti yake, naye alikuwa amemwahidi mama yake mtoto kwamba haitaguswa. Baada ya kufikiri alimwomba fundi afanye awezavyo. Mzee alikata kipande cha tairi kuukuu, akakilaza ndani penye nyuzi, akatia upepo kidogo kuliko kawaida, akamwonya asipakie mzigo mzito mpaka mwisho wa mwezi.

Alipofika Shimanzi majina yalikuwa yamekwisha itwa na lango limefungwa. Wako ambao wangerudi nyumbani. Yeye alikwenda Marikiti, akasimama na baisikeli yake kati ya wenye mikokoteni, na kabla ya saa nne mwenye hoteli mmoja wa Bondeni akampa magunia mawili ya viazi ayapeleke. Hayo yalikuwa mazito kuliko alivyoagizwa na fundi. Aliyafunga kwa kamba za mpira, akasukuma mwendo wote kwa miguu bila kupanda, akapata chini ya nusu ya mshahara wa ghalani.

Kusukuma magari kwa nguvu za watu si jambo geni katika mji huu. Kabla ya motokaa kuenea, Mombasa ilikuwa na reli nyembamba zilizopita katikati ya mji, na juu yake vilipita vigari vidogo vyenye viti na paa la kukinga jua. Wakubwa walikaa, na watu wawili wakasukuma kwa nyuma, wakikimbia penye mteremko na kutweta penye mwinuko. Vigari hivyo vilidumu mpaka miaka ya 1920. Reli ziling'olewa, bali kazi ya waliosukuma haikung'olewa. Ilihamia kwenye mkokoteni, nao mpaka leo hubeba simenti, maji, vitanda na matofali katika vichochoro ambavyo lori haliwezi kuingia.

Katika Mji wa Kale, kwa kweli, mwenye baisikeli hana ufalme. Ndia Kuu na vichochoro vyake vilijengwa kwa kipimo cha mtu na punda. Huko waungwana hushuka wakasukuma, kwa kuwa nyuma ya kila pembe huenda pana mtoto, au mama aliyebeba sinia la mahamri, au muuza kahawa na dele lake la shaba na makaa yanayowaka, akigonganisha vikombe vyake ili wateja wamsikie. Hamali mwenye mzigo hupaza sauti, "Simile! Simile!" na kila mtu husogea ukutani, tajiri kwa maskini. Ni ajabu kwamba katika vichochoro hivyo vyembamba, visivyo na askari wa barabarani wala taa za rangi, watu hupishana bila kuumizana, na katika barabara pana za lami hawawezi.

Kwa maana ukiliacha jiji la zamani na kushika njia ya Makupa kwenda Changamwe, mambo hubadilika. Huko ndiko malori ya makontena yanakopita, usiku na mchana. Daraja jipya la Makupa lilifunguliwa mwaka 1922 na mia moja zaidi, yaani 2022, mahali ambapo zamani palikuwa na tuta la mawe lililoziba maji yasipite. Reli mpya ya mwaka 2017 ilichukua sehemu ya mizigo, lakini malori hayakwisha. Walinzi na wafanyakazi wa viwandani waishio Mikindani na Miritini hupita kando yao kwa baisikeli, katika ukingo wa lami uliovunjika, na bodaboda zikija mbele yao upande usio wao. Dereva wa lori aliye juu hamwoni mtu aliye karibu na gurudumu lake la mbele upande wa kushoto. Mwenye baisikeli mzoefu analijua hilo, na hasimami kamwe mahali pale penye taa za kusimamisha magari. Asiye mzoefu hufundishwa na wenzake, akiwa na bahati. Barabara hupimwa kwa ajili ya magari, kisha mtu wa miguu huambiwa ajihadhari. Ni vigumu kuona kwa nini kipande cha njia cha upana wa hatua mbili kisiwekwe kwa watu ambao ndio wengi zaidi.

Wanawake wapandao baisikeli bado ni wachache mno. Wengi hutembea, na hutembea mbali, na vikapu vyao havina keria.

Jioni mji hulegea. Watu waliokwisha pumzika huteremka kwenye bustani ya Mama Ngina, iliyotengenezwa upya mwaka 2019, wakatembea polepole chini ya mibuyu, wakila mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, na kutazama meli zikitoka. Huo ni mwendo wa raha. Chini yao kidogo, mwendo wa kazi bado unaendelea, kwa kuwa saa kumi na mbili gati ya Likoni hujaa tena, mara hii kwa kuelekea ng'ambo.

Kijana yule wa Mtongwe alionekana katika umati huo, akiishika baisikeli yake kwa usukani na kiti. Tairi lilikuwa bado lina upepo. Kwenye keria alikuwa amefunga kifurushi cha karatasi chenye daftari nne; viatu havikuwamo. Pantoni ilipogusa gati aliinua gurudumu la mbele juu ya ukingo wa chuma, akamwomba radhi mama mmoja aliyemkanyaga, akaingia pamoja na wengine.