Sahani ya Githeri ni Sehemu ya Somo

Serikali inapopiga hesabu ya kumsomesha mtoto wa kijijini, huanza na mshahara wa mwalimu, kisha vitabu, madawati na mabati ya darasa. Chakula cha mchana, kama githeri ya mahindi na maharagwe, huwekwa kando, kikahesabiwa kama msaada wa kutolewa ukame unapozidi. Hapo ndipo hesabu inapokosewa. Mtoto aliyetoka nyumbani alfajiri bila kutia kitu tumboni, akatembea kilomita kadhaa, ifikapo saa sita mchana hasikii tena linalosemwa darasani. Mwalimu amelipwa, kitabu kimenunuliwa, na somo halikumfikia. Ndiyo maana mlo wa shule unastahili kuwa na fungu la kudumu katika bajeti ya elimu, sawa na chaki na mwalimu.

Kenya imejifunza jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka 1979 wanafunzi wa shule za msingi walianza kugawiwa bila malipo maziwa yaliyojulikana kama maziwa ya Nyayo, lakini katika miaka ya 1990 mpango huo ulififia. Mwaka 1980 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza kushirikiana na serikali kuwalisha wanafunzi, hasa katika maeneo makavu ya wafugaji. Mwaka 2009 ukaja mpango wa kununua chakula humu nchini, na mwaka 2018 shirika hilo likaikabidhi serikali kazi yote. Hiyo ilikuwa hatua kubwa, kwa sababu nchi inayowalisha watoto wake yenyewe haisubiri huruma ya mfadhili. Hata hivyo, kukabidhiwa sufuria si sawa na kuwa na hakika ya unga. Fungu linaloombewa upya kila mwaka linaweza kukatwa kila mwaka, na mahindi yanayofika katikati ya muhula huwakuta wanafunzi wengine wameshaacha kuja shuleni.

Ushahidi wa faida ya chakula upo nyumbani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti Christel Vermeersch na Michael Kremer walilinganisha shule za chekechea 25 zilizopewa uji wa asubuhi na nyingine 25 zisizopewa, huko Busia na Teso, magharibi mwa Kenya. Mahudhurio yalikuwa karibu asilimia 36 penye uji, na asilimia 27 pasipo nao. Utafiti huohuo una onyo ambalo wapenzi wa mpango huu hawapaswi kulificha: alama za mitihani zilipanda tu pale ambapo mwalimu alikuwa na mafunzo mazuri, na shughuli za kugawa uji zilimega muda wa kufundisha. Kwa hiyo chakula hakichukui nafasi ya mwalimu. Kinamletea mwanafunzi mwenye nguvu ya kufundishika, na kinahitaji wapishi wake wenyewe ili mwalimu abaki darasani.

Wapo wanaosema kumlisha mtoto ni wajibu wa mzazi. Ni kweli, na wazazi wa vijijini wanautimiza kila wanapoweza. Lakini mfugaji wa Turkana ambaye mifugo yake imekufa kwa kiangazi hajakataa wajibu, amenyang'anywa uwezo. Kumnyima mwanawe chakula ili baba afunzwe uwajibikaji ni kumwadhibu asiye na kosa. Isitoshe, Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure, na papo hapo kinampa haki ya lishe ya msingi. Walioandika Katiba hiyo waliziweka haki hizo pamoja. Bajeti haina sababu ya kuzitenganisha.

Wengine wanahofia gharama, uzembe na wizi. Gharama ni kubwa, lakini fedha hizo zinaweza kubaki vijijini. Brazil, kwa sheria ya mwaka 2009, iliagiza kwamba angalau asilimia 30 ya fedha za serikali kuu za chakula cha shule zinunue mazao ya wakulima wadogo, na hivyo sahani ya mwanafunzi ikawa soko la jirani yake. Kuhusu uzembe, hakuna wa kuupuuza: mwaka 2013, katika jimbo la Bihar nchini India, watoto 23 walikufa baada ya kula chakula cha shule kilichochafuliwa na dawa ya kuua wadudu. India haikufunga majiko yake kwa msiba huo. Funzo lake ni stoo safi, mpishi anayeonja kabla ya mtoto, na daftari la magunia ambalo mzazi yeyote anaweza kulikagua. Chakula kinachopikwa hadharani, kikaliwa siku hiyohiyo mbele ya kijiji, si rahisi kukiiba kimyakimya.

Katiba inamtaka mwananchi ashirikishwe katika kupanga fedha za umma. Basi, kikao cha maoni kuhusu bajeti kitakapoitishwa, mzazi, mwalimu na mkulima waende na swali moja: fungu la chakula cha shule ni kiasi gani, na litafika lini? Jibu la haki ni lile linalotaja siku ya kwanza ya muhula, kwa maana mtoto haahirishi njaa yake hadi mwaka ujao wa fedha.