Pedi ya Zamani kwenye Mashine Mpya

Pedi ya PlayStation 4, iitwayo DualShock 4, huungana na PlayStation 5 bila taabu. Taa yake huwaka na menyu hufuata kidole. Lakini mchezaji akifungua gemu ya soka iliyotengenezwa kwa ajili ya PS5, skrini humtaka atafute DualSense, pedi ya PS5 yenyewe, na hapo safari inaishia. Akitoka na kufungua toleo la PS4 la gemu hiyohiyo, pedi ileile hucheza kipindi cha kwanza, cha pili na hata penalti. Kinachozuia basi si waya wala umbo la pedi, bali ni sheria iliyowekwa ndani ya mashine. Sony iliitangaza Agosti 2020, miezi mitatu kabla PS5 haijaingia sokoni: DualShock 4 itatumika kwa gemu za PS4 pekee. Usukani wa magari wenye leseni ya Sony uliruhusiwa hata kwenye gemu mpya, kwa hiyo ni vigumu kuamini kwamba teknolojia ndiyo iliyoshindwa.

Kwa mwenye kibanda cha gemu, tofauti hiyo ni pesa. Soka la kampuni ya EA, kama FC 24 na FC 25, lilitolewa kwa PS4 na kwa PS5, na PS5 inacheza matoleo yote mawili. Kwa mfano, Takawiri, kisiwa kidogo cha wavuvi jirani na Mfangano katika kaunti ya Homa Bay nchini Kenya, ni mahali ambapo vifaa hufika kwa boti, mara nyingi kutoka Mbita. Pedi ikifa Jumamosi jioni, wateja wamejaa benchini, ya kununua haiko karibu. Mwenye PS5 na pedi mbili zilizobaki kutoka PS4 yake ya zamani anaweza kuweka toleo la PS4 na kuendelea na kazi. Nyasi za uwanja hazitang'aa sana, lakini mabao yatahesabiwa. Kabla ya kununua diski, ni vyema kutazama ganda: likiwa na maandishi ya PS5 peke yake, pedi za zamani hazitasaidia.

Wakati fulani mambo yalikuwa mepesi zaidi. PlayStation ya kwanza, ya mwaka 1994, na PS2 ya mwaka 2000 zilitumia tundu la umbo moja na mazungumzo ya namna moja. Mashine huuliza mara nyingi kwa sekunde, nayo pedi hujibu kwa biti. Kila kitufe kina biti yake: 0 maana yake kimebonyezwa, 1 maana yake kimeachwa. Vijiti viwili vya kuelekeza, kwa pedi zilizo navyo, hutoa namba kati ya 0 na 255, na kijiti kikiwa kimetulia katikati kinasoma karibu 128. Pedi ya PS2 iliongeza uwezo wa kupima nguvu ya kidole juu ya kitufe. Ndiyo maana pedi ya PS1, ikichomekwa kwenye PS2, ilifaa kwa gemu za PS1 na baadhi tu ya gemu za PS2. Zile zilizodai vijiti au nguvu ya kidole hazikuridhika nayo. PS2 iliuzwa zaidi ya milioni 150 na kutengenezwa hadi kuelekea 2013, mwaka ambao FIFA 14 bado ilitolewa kwa ajili yake. Mashine iliyoishi hivyo huacha pedi nyingi nyuma yake.

PS3 ya 2006 iliondoa tundu hilo kabisa na kuleta Bluetooth na USB. Tangu hapo pedi ya PS2 inahitaji adapta. Adapta si waya wenye ncha mbili tofauti tu. Ndani yake kuna chipu inayosoma majibu ya pedi na kuyaandika upya kwa mtindo wa USB, kama mkalimani anayekaa kati ya watu wawili. Na kama mkalimani, nyingine huchelewa. Kwenye gemu ya kutembea polepole hakuna atakayegundua, lakini kwenye soka chenga hutoka baada ya beki kuuchukua mpira. Tena pedi ya PS2 haina kile kitufe cha PS cha katikati, kwa hiyo pedi halisi ya PS3 hubaki karibu kwa ajili ya kurudi kwenye menyu.

Kwa PS4, iliyotoka 2013, kikwazo kilibadilika sura. Mashine haitosheki na pedi inayojua kuzungumza. Inataka pia uthibitisho, yaani saini ya kidijitali inayotokana na ufunguo wa siri uliohifadhiwa ndani ya pedi. Kifaa kisicho na saini huweza kucheza kwa takriban dakika 8 kisha hukatwa. Baadhi ya adapta hukwepa hilo kwa kumtaka mtumiaji achomeke DualShock 4 halisi ubavuni, ili saini iazimwe humo. Microsoft ilikuwa na roho nzuri upande mmoja: pedi ya Xbox One ya 2013 hufanya kazi kwenye Xbox Series X na S za 2020 bila kubagua gemu. Upande mwingine, kuanzia Novemba 2023 Xbox ilianza kuzuia vifaa visivyo na leseni, na adapta kadhaa zikageuka mapambo. Nintendo nayo imeruhusu pedi za Joy-Con za Switch ya kwanza kuungana bila waya na Switch 2 ya 2025, ingawa hazishiki ubavuni mwa mashine mpya.

Pedi nyingi hutupwa kwa kosa ambalo si lake. DualShock 3, pedi ya PS3, ni mfano mzuri: ikichomekwa kwenye chaja ya kawaida ya simu, mara nyingi haichaji, kwa sababu hungoja kutambuliwa na mashine au kompyuta kwanza. Mtu huona taa haiwaki na kudhani betri imekufa. Vilevile baadhi ya nyaya za micro USB zinazouzwa kwa ajili ya simu hubeba umeme tu, hazina nyuzi za data. DualShock 4 itachaji kwa waya wa aina hiyo lakini haitaungana na mashine kupitia waya huo. Kubadili waya kwanza, kabla ya kumwita fundi, huokoa pesa.

Uchakavu wa kweli huanzia kwenye vijiti. Chini ya kila kijiti kuna vipimo viwili vyenye utepe wa kaboni ambao husuguliwa kila kijiti kinaposogezwa. Kaboni ikilika au vumbi likiingia, ile 128 ya katikati haipatikani tena, na mchezaji wa skrini huanza kutembea hali hakuna aliyemgusa. Spiriti safi huondoa vumbi kwa muda. Kaboni iliyolika haina dawa. Fundi huyeyusha risasi na kuweka kijiti kingine, kazi ambayo mwenye mkono mzuri wa kutengeneza simu anaiweza. Betri ni rahisi zaidi: ya DualShock 4, yenye mAh 1000, huchomolewa kwa plagi ndogo bila kuchomelea.

Panapotegemewa umeme wa jua kuna hesabu nyingine. PS5 ikiendesha gemu nzito hula wati 200 hivi, mzigo unaomaliza betri ya sola upesi. Simu hula kidogo sana, na hapo pedi ya zamani hupata kazi ambayo mtengenezaji wake hakuipanga. Tangu Android 10 ya 2019, simu hutambua DualShock 4 moja kwa moja: vitufe vya Share na PS hushikwa pamoja hadi taa imweke upesi, kisha jina la pedi huchaguliwa kwenye orodha ya Bluetooth. Gemu yenyewe sharti iwe imetengenezwa ikubali pedi, na si zote zilizo hivyo. Pedi ya PS2 pia huweza kufika kwenye simu, ila kwa adapta yake ya USB pamoja na waya wa OTG, ule unaounganisha vifaa vya USB na simu.